Niende mkutanoni na kazi ambayo haijaiva?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, nachunguza jeni za samaki wa mito miwili. Msimamizi wangu anataka nipeleke bango kwenye mkutano wa mwaka wa watafiti wa jenetikia ya ikolojia na ya jamii za viumbe. Nimesoma DNA ya mto mmoja tu. Mapezi ya samaki wa mto wa pili bado yako kwenye friza. Naona heri nisubiri mwakani. Nakosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Na hayo mapezi, usiyapeleke maabara kabla hujarudi.

Bango langu la kwanza lilihusu konokono. Nilikuta aleli, yaani matoleo mbalimbali ya jeni moja, za konokono wa vichaka viwili zikitofautiana sana, nikaamini nimegundua jamii mbili zisizochangamana. Mama mmoja mtu mzima alilisoma kimya, kisha akauliza, "Uliwaokotaje?" Nikamjibu: kila kichaka, chini ya gogo moja. "Una hakika si ndugu?" Sikuwa na hakika. Nilipokokotoa undugu wao nikaona nimelinganisha familia mbili, wala si jamii mbili. Swali la nusu dakika liliniokoa nisichapishe kosa. Hadi leo namshukuru.

Nawe jiulize: samaki wako walitoka katika wavu mmoja, siku moja? Kama ndivyo, mto wa pili uvue upya, sehemu kadhaa.

Hata nguzo ya fani yetu ilitokana na swali la ukumbini. Mwaka 1908, jijini London, mwanajenetikia Reginald Punnett alizungumzia kanuni za Mendel za urithi wa sifa mbele ya madaktari. Katika mjadala, mtakwimu Udny Yule alihoji kuhusu vidole vifupi, sifa ya aleli tawala, ile ambayo nakala moja yatosha sifa ionekane. Punnett alivyomwelewa, hoja ilikuwa hii: mbona sifa hiyo haienei hadi watu watatu kwa kila wanne wawe nayo? Hakuwa na jibu la kumridhisha, akalipeleka swali kwa G. H. Hardy, mwanahisabati aliyecheza naye kriketi Cambridge. Hardy alionyesha kwa hesabu fupi kwamba katika jamii kubwa, watu wakioana bila kujali sifa hiyo, pasipo uteuzi wa asili, mabadiliko ya jeni wala uhamaji, uwiano wa aleli haubadiliki kizazi hadi kizazi. Daktari Wilhelm Weinberg wa Stuttgart alifikia jambo hilohilo mwaka huohuo, kivyake. Ndiyo kanuni ya Hardy na Weinberg, unayoipima kila unapokagua data yako, na ndugu wakijazana kwenye sampuli, data huikiuka.

Juu ya bango andika swali lako kwa herufi kubwa. Weka ramani, na idadi ya samaki kwa kila sehemu uliyovua. Wazoefu huanzia hapo. Mto wa pili, andika tu "bado". Usiondoke kwenda kunywa chai watu wakizunguka mabango. Kila swali liandike kama lilivyoulizwa, hasa lile linalokuudhi.

Ukirudi, niandikie walisemaje kuhusu wavu.