Gari la kupanda mawe liinuliwe kidogo, lipanuliwe, lipunguziwe mzigo wa juu

Chupa ya maji ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeiegesha juu ya dashibodi, upande wangu wa kulia. Tulikuwa tunakatiza mwamba kwa ubavu, gari limelalia kushoto, chupa ikaanza kuteleza polepole mpaka ikagonga mlango wa abiria. Hapo hapo nikahisi tairi la nyuma la kulia limeacha mwamba. Nikageuza usukani kuelekea bondeni, nikakanyaga mafuta kidogo, gari likarudi likakaa kwa miguu yote minne. Nilizima injini nikabaki nimeshika usukani, mikono inatetemeka.

Gari hilo nilikuwa nimeliinua sentimita 10 kwa springi ndefu. Juu ya keria kulikuwa na tairi la akiba, madumu ya maji na ya mafuta, na sanduku la spana. Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu na karatasi.

Hesabu ya pembe ambayo gari likilala litapinduka ni nyepesi. Pima upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya la kulia, kisha ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili; jibu ndilo tanjenti ya pembe hiyo. Chukua gari la kilo 2,000, upana sentimita 150, kitovu kiko sentimita 70 kutoka ardhini: kwenye karatasi litapinduka likifika digrii 47 hivi. Ukiinua bodi sentimita 10, kitovu kinapanda kama 8, kwa sababu ekseli na matairi hubaki chini, na unabakiwa na digrii 44. Ukipandisha kilo 100 kwenye keria, unashuka chini ya 42. Na hiyo ni karatasi. Kwenye mwamba springi za upande wa chini zinabonyea, tairi la juu linakanyaga jiwe, na gari linapinduka mapema zaidi.

Kwa hiyo nilianza na keria, nayo haikunigharimu chochote. Tairi la akiba likaenda mlango wa nyuma, madumu yakashuka sakafuni nyuma ya viti na kufungwa kwa mikanda, spana zikaingia chini ya kiti. Siku hizi keria yangu inabeba hema tu, tena nikifika kwenye mawe nalishusha. Ukiwa na siku moja tu ya kushughulikia gari lako, ifanye hii.

Kisha nikajiuliza nilikuwa nainua gari kwa ajili ya nini. Wengi husema ni ili difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, isigonge. Lakini kwa gari lenye ekseli nzima, yaani moja iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi ndefu haziinui difu hata milimita moja. Zinainua bodi. Kinachoinua difu ni tairi: ukitoka inchi 31 kwenda 33, unapata inchi moja chini ya difu, basi. Nikarudisha springi za kuinua sentimita 5, nikakata madigadi na pembe za bampa ili tairi la 33 lipate nafasi ya kuzunguka, nikaongeza raba za kuzuia ekseli isipande hadi tairi likagusa bodi. Kukata madigadi kunauma, najua. Lakini kila sentimita unayoikata kwenye bati ni sentimita ambayo hukuhitaji kuipandisha gari.

Upana nao unasaidia sana. Rimu zinazotoa tairi nje sentimita 5 kila upande zinakurudishia digrii mbili hivi. Bei yake ni bearingi kuchoka mapema na usukani kuwa mzito, kwa hiyo usizidishe. Kama umetumia spesa, yaani vipande vinavyowekwa nyuma ya rimu kuisogeza nje, zikaze upya baada ya kilomita chache za kwanza.

Jambo ambalo nilichelewa kulielewa ni springi ndefu laini zinavyojisukuma. Gari likipanda ukuta wa mwamba, uzito unakimbilia nyuma, springi za mbele zinatanuka, pua inanyanyuka wakati usiofaa kabisa. Waendeshaji wa kwenye mawe hutumia mkanda au winchi ndogo ya kuvuta ekseli ya mbele ikaribie bodi. Mimi natumia mikanda miwili tu, imefungwa ili springi zisitanuke kupita kiasi. Stabilaiza ya mbele, ile fito inayozuia bodi isilale, naifungua kwenye mawe ili magurudumu yafuate ardhi, ya nyuma naiacha ishike bodi. Kabla ya kurudi barabarani naifunga tena, bila kusahau.

Upepo wa matairi nashusha kutoka PSI 35 hadi 18. Tairi linabonyea, linashika jiwe badala ya kuruka juu yake, na mirusho hiyo midogo ndiyo humalizia gari lililokwisha kuinama. Kwa rimu za kawaida sishuki chini ya 15, tairi linaweza kuchomoka.

Na kabla ya sehemu ya ubavu, shuka utembee. Tafuta jiwe ambalo tairi la juu litalikanyaga, maana jiwe la sentimita 20 peke yake linaongeza digrii 7 au 8 za kulala. Likiwezekana kusogezwa, lisogeze. Lisipowezekana, pitisha tairi la chini juu ya jiwe jingine ili gari lisawazike, na aliye nje akuongoze kwa mkono akiwa amesimama upande wa juu, kamwe si wa bondeni.