Gesi haiozeshwi

SWALI: Taarifa ya mradi mmoja inasema kampuni "inaongeza kiwango cha uozeshaji wa gesi" ili ipate ethanoli. Hiki ni Kiswahili sahihi? – Msomaji, Embakasi, Nairobi

JIBU: Si sahihi, na linaloniudhi zaidi ni hilo neno "uozeshaji". Kuozesha ni kumpa binti mume, au kukifanya kitu kioze. Gesi haiolewi wala haiozi. Neno ni kuchachusha, kutokana na chacha, lililotupa pia chachu.

Tazama uji wa wimbi. Unga hukorogwa kwa maji vuguvugu, ukafunikwa, ukaachwa siku mbili karibu na jiko. Ukichacha, hutoa viputo vidogo na ukali safi unaouma ulimi. Hupikwa, watoto wakanywa. Ukioza, huota ukungu na kunuka, humwagwa. Unga ni ule ule na sufuria ni ile ile, ila vijidudu vilivyotawala ni vingine. Anayeita yote mawili "kuoza" amefuta tofauti ambayo muuza uji yeyote wa Gikomba anaijua kwa pua.

Ndani ya mtambo mambo ni hayo hayo. Bakteria aitwaye Clostridium autoethanogenum hula gesi za kaboni monoksidi na hidrojeni badala ya sukari, kwenye joto la nyuzi 37 hivi, bila oksijeni, akatoa ethanoli na asidi ya siki. Nchini China, mwaka 2018, kiwanda cha namna hiyo kilianza kutumia gesi taka za kiwanda cha chuma. Mnaita hiyo kuoza?

"Kuongeza kiwango" nako kunaficha kazi yenyewe. Kinachokuzwa ni mtambo, kutoka chupa ya lita 2 hadi tangi la maelfu ya lita, na hapo ndipo penye taabu. Kaboni monoksidi huyeyuka kidogo mno majini: kwa nyuzi 25 na kanieneo (msukumo wa gesi) ya kawaida, lita moja hubeba miligramu 28 hivi. Chupa utaikoroga kwa nguvu uvunje viputo. Tangi kubwa ukilikoroga hivyo, gharama ya umeme haibebeki; ndiyo maana hujengwa mnara mrefu, gesi ikapulizwa kutoka chini. Viputo vikiwa vikubwa, hupanda na kutoka kabla gesi haijayeyuka, na bakteria wakashinda njaa.

Andika basi "kukuza mtambo wa kuchachusha gesi". "Kuongeza uzalishaji" nakubali, mradi unazungumzia zao. Na kwa gesi ya kupikia itokayo kwenye kinyesi cha ng'ombe, sema "kuchachusha samadi", kwa sababu pale gesi ndiyo inayotoka, siyo inayoliwa.