Barua kwa mwanangu: ADN ama BSN

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona natoka shifti ya usiku. Unauliza kati ya ADN, ile digrii ndogo ya unesi ya miaka miwili ya komyuniti koleji, na BSN, bachela ya unesi ya miaka minne yunivasiti, ipi itakutoa haraka. Haraka ni hiyo ya koleji, nani asiyejua, ingawa ile miaka miwili ukiongeza anatomia, maikrobayolojia na foleni ya kungoja nafasi yaweza kuwa mitatu na ushee, usije ukasema baba hakuniambia. Na mtihani wa leseni hapa Marekani ni huo huo NCLEX, wa koleji na wa yunivasiti, mkipita nyote mnaitwa RN, nesi aliyesajiliwa. Leseni ni leseni. Nimeimba hivyo tangu ile apatimenti ya Brooklyn Park mlipokuwa mnalala watatu kitanda kimoja.

Lakini mimi ningeuliza ukishaingia utafika wapi. Unakumbuka ule mwaka niliokuwa siongei mezani? Ilitoka nafasi ya uongozi wa wodi, hospitali siitaji, wodi nzima ikajua ni yangu, nikaitwa ofisini nikaambiwa kwa upole sana kwamba wanataka mtu wa BSN. Akaletwa binti mmoja, beji mpya inang'aa, halafu nani amwonyeshe kazi? Mimi. Siku yake ya kwanza kuweka damu mikono ilimtetemeka, nikasimama naye, tukasoma namba za mfuko na za mkononi mwa mgonjwa sisi wawili kwa sauti, nikamwambia ni saline, yale maji ya chumvi, peke yake inayopita pamoja na damu kwenye huo mpira, na dakika 15 za kwanza humwachi mgonjwa hata simu ilie vipi. Jioni akanisainia fomu, yeye bosi. Mpaka leo nikipita korido ile, acha tu.

Sasa nisiseme uongo, binti mwenyewe hakuwa mbaya. Na kuna ule utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa 2003, hospitali za Pennsylvania, kwamba penye manesi wengi zaidi wa bachela wagonjwa wa upasuaji walikufa wachache zaidi. Niliusoma nimekasirika, usiku, nikifanya ile RN-to-BSN ya mtandaoni, ya kumpandisha RN hadi bachela, nyinyi mmelala. Nikabishana nao weee, nikasema hawakuwahesabu watu kama mimi, halafu nikaenda kulala nikiwaza pengine wameona kitu. Lakini leseni ni leseni!

Na kama bado unawaza kumfuata dadako New York, kule walipitisha sheria mwishoni mwa 2017, nesi mpya wa ADN anapewa miaka 10 awe na bachela. Kwa hiyo shule utairudia tu, tofauti ni utairudia ukiwa na mshahara ama utaimaliza sasa ukiwa na deni.

Nikuchagulie? Mamako ameniapisha nisikuchagulie. Ila ningekuwa na umri wako na bila watoto, ninge... basi, naacha, asije akaisoma hii.

Waulize koleji kama wana makubaliano na yunivasiti yoyote krediti zako, yaani masomo uliyofaulu, zihamie zote, na usikubali jibu la simu, wakuandikie. Na karatasi za mkopo usisaini hata moja kabla hujanitumia picha, kurasa zote, si ule wa mbele peke yake.

Babako