Tumbo kujaa maji: majibu ya maswali yenu kuhusu ini na esinofili

Baba ana homa ya ini B, ini limeshafanya makovu, tumbo linajaa maji, wakiyatoa yanarudi. Sasa wanasema esinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) ziko juu. Si ini hilohilo?

Pole sana. Makovu ya ini yanaleta maji kweli, lakini esinofili kupanda sio kawaida yake, hapo lazima mtu aulize kuna nini kingine. Upo ugonjwa adimu, esinofili zinavamia ukuta wa tumbo la chakula na utumbo, na zikifika tabaka la nje kabisa la ukuta huo tumbo linajaa maji, sasa kwa mtu mwenye ini bovu kila mtu anasingizia ini na yule mgonjwa anaongezewa tu dawa za kukojoa. Hayo maji yanayotolewa yapelekwe maabara jamani, na chembe nyeupe zihesabiwe kwa aina! Majibu yakiandikwa "chembe nyeupe nyingi" tu, mtu anapewa antibayotiki za bure. Neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikifika 250 kwa kila mikrolita ya maji hayo, hiyo ni infeksheni, itibiwe haraka, ila esinofili zikijaa ni habari nyingine. Na ile tofauti ya albumini (aina ya protini) ya damu na ya maji isiwadanganye, ikifika gramu 1.1 kwa desilita inaonyesha presha ya mshipa wa ini, haimaanishi hakuna ugonjwa wa pili.

Kamera ya kuingizwa mdomoni imeonyesha tumbo safi, kwa hiyo hana huo ugonjwa wa esinofili?

Hapana. Ugonjwa unakaa kwa mabaka, vinyama vya kupima vichukuliwe sehemu kadhaa hata panapoonekana pazima, na ukiwa tabaka la nje kinyama kinaweza kutoka safi kabisa. Kabla ya kukata waangalie damu kuganda na mishipa ya damu iliyovimba kwenye umio (njia ya chakula).

Naweza kuanza predinisoloni (dawa ya steroidi) nione kama itasaidia?

Hili nimeshalijibu mno. USIANZE. Kwetu esinofili zikipanda kwanza tafuta minyoo. Kichocho cha tumbo kwa watu wa Ziwa Victoria kinaharibu ini NA kinapandisha esinofili, yaani kinafanana na haya yote. Halafu kuna strongiloidi, aina ya minyoo ya utumbo, ukimpa steroidi mwenye nayo anaweza kufa, na choo kimoja kisicho na kitu hakimsafishi mtu, wala kidonge kimoja cha albendazo, dawa yake ni ivamektini. Na mwenye virusi vya B steroidi zinaviamsha, aanze kwanza dawa ya virusi.

Esinofili za damu ni kawaida, niache kuhangaika?

Usiache. Wapo wenye ugonjwa huu na damu yao iko sawa.