Neno "nice" katika insha ya binti yako

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amezungushia wino mwekundu kila "nice" kwenye insha ya binti yako, ilhali neno lenyewe ni sahihi. Ni sahihi, ila limechujuka. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, na miaka ya 1300 Mwingereza akikuita hivyo amekuita mjinga! Baadaye likamaanisha mtu mchaguzi, kisha tofauti ndogo isiyoonekana upesi, maana ambayo ingalipo. Hii ya kupendeza ilishika karne ya 18. Badala ya "nice market", binti aandike alichokiona soko la Gikomba, Nairobi: mitumba imerundikwa juu ya turubai, muuzaji anaita bei huku sauti imemkauka.