Chumvi ya majimaji badala ya asidi

Bro umeuliza kama kimiminika cha ioni kinaweza chukua nafasi ya asidi ya sulfuriki ukigeuza kuwa biodizeli (dizeli ya mafuta ya kupikia) hayo mafuta ya kukaangia samaki unayookota hapo ufuo wa Dunga, Kisumu, inawezekana. Hiyo ni chumvi tu, ila inakaa majimaji hata chini ya nyuzi 100, sasa ukipata ile yenye asidi inaunganisha asidi za mafuta yaliyochoka na methanoli (aina ya alkoholi), maji yanatoka, ukiacha itulie esta, ndiyo hiyo biodizeli, inapanda juu na chumvi inabaki chini, unaitoa maji unairudisha kazi. Ukitumia kostiki soda badala yake kwa mafuta yamechoka hivyo itakupea sabuni, mimi nilipika ndoo nzima ya uji wa sabuni 😅 Shida ya hiyo chumvi ni bei, na usiimwage ziwani, zingine ni sumu kwa samaki.