Miaka ya mjusi wa Tendaguru ihesabiwe kuanzia lini?
Salaam mkuu. Kumbe mmekwama kwenye bango la maonyesho ya shule hapo Lindi: mjusi wa Tendaguru (yule dinosaria aliyefukuliwa kilima cha Tendaguru, Lindi) mumhesabie kutoka 1906, 1909 au 1937? Angalieni kwanza mnaadhimisha nini. Mjerumani Sattler aliiona mifupa 1906, uchimbaji mkubwa ukaenda 1909 hadi 1913, na 1937 ndipo mjusi aliposimamishwa kwenye makumbusho Berlin (leo kimo chake mita 13 hivi). Mimi niliwahi kuichanganya miaka hiyo, mzee mmoja akanisuta mbele ya wanafunzi (haki yake). Ningekuwa nyie ningeshika 1909. Hapo ndipo watu wetu wanaingia: msimamizi Boheti bin Amrani, wachimbaji, na wapagazi waliobeba mifupa kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Berlin waachieni 1937 yao.